Nilivyojifunza Kupima Kabla ya Kukaza

Mimi ni fundi wa malori Makambako, pale barabara ya kwenda Njombe na Songea inapochepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Kazi yangu ni mfumo wa upepo: kompresa, mitungi, valvu na chemba za breki. Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya fundi mwenzangu, na pia kwa dereva na mwenye lori, maana mambo niliyoyafanya kwa miaka mingi yanafanyika mpaka leo kwenye gereji za barabarani, na wanaoyafanya ni watu wema. Hata mimi sikuwa mwizi wala mlevi. Nilipenda kazi yangu, niliheshimu wateja, na Jumapili nilikuwa kanisani. Pamoja na hayo yote nilikuwa kipofu, na upofu wangu ulikaa mahali padogo sana: kwenye fitingi inayounganisha kompresa na bomba lake.

Ufundi niliupata kwa kutazama. Nilianza kama tandiboi, nikalala chini ya malori, nikashika spana kabla sijaelewa maana ya namba zilizopigwa juu yake. Waliotutangulia walitufundisha walichokijua, nami siwalaumu. Kanuni ilikuwa fupi: tredi ikiingia, ni yake, ikicheza, izungushie tepu, ikivuja, kaza zaidi. Gerejini tulikuwa na ndoo iliyojaa nipo, elbo, uniani na adapta zilizofunguliwa kwenye malori yaliyokufa. Lori likija bomba lake la kompresa limepasuka, nilitumbukiza mkono ndooni, nikajaribu moja baada ya nyingine mpaka nipate inayoshika. Watu walinisifu kwa wepesi wangu, nami nikaamini kwamba wepesi ndio ufundi.

Sikuwahi kujiuliza malori yenyewe yametengenezwa wapi. Barabara yetu inapitisha Scania na DAF za Ulaya, Howo za China, Fuso za Japani, na Freightliner zilizokwisha kutumika Marekani. Tredi zao hazifanani. Ulaya, China na Japani hutumia zaidi milimita. Marekani hutumia inchi, na mara nyingi tredi yenyewe imechongoka, nene huku na nyembamba kule. Na maduka yetu ya vifaa vya ujenzi yamejaa inchi za mabomba ya maji, ambazo ni ukoo mwingine kabisa. Mimi nilikuwa natazama rangi na unene tu. Ikiwa ya brasi na inakaribia kuenea tunduni, nilihesabu imefaa.

Jioni moja liliingia lori lililobeba shaba kutoka Zambia. Bomba la chuma linalotoka kwenye kichwa cha kompresa kwenda kwenye draya ya upepo lilikuwa limepasuka. Mwenye lori alikuwa anapiga simu kila baada ya muda mfupi, maana mzigo ulikuwa unasubiriwa bandarini. Tundu la kompresa lilikuwa la M22, nami sikuwa na fitingi yake. Nikachukua elbo ya brasi ya nusu inchi, ile ya mabomba ya maji. Iliingia huku inacheza. Nikaizungushia tepu nyeupe kwa wingi, nikaikaza mpaka ikagoma. Bomba la chuma sikuwa nalo pia, kwa hiyo nikaweka bomba la nailoni, lile linalopeleka upepo kwenye sehemu nyingine za lori, nikalichomeka kwenye fitingi ya kubonyeza. Nikawasha injini, mitungi ikajaa, nikazima. Mshale wa geji haukushuka. Nikamwambia dereva, "Kaka, safari njema."

Lori lilipita Mafinga, likapita Iringa, likafika Ilula. Dereva akasimama kando ya barabara kununua nyanya, injini ikiwa inaunguruma. Hapo akasikia mshindo, kisha upepo unafoka chini ya kabati. Elbo yangu ilikuwa imeng'oka.

Mbele yake palikuwa Kitonga. Anayeifahamu njia ile hahitaji kuelezwa. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, kona inafuatwa na kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo. Lori lenye mzigo hushuka kwa gia ndogo, dereva akiitunza breki. Kama elbo ingeng'oka katikati ya mteremko, mitungi ingebaki na akiba yake, lakini kila anapokanyaga breki akiba ingepungua bila kurudishwa. Upepo ukishuka kufika karibu psi 60, taa na kengele ya hatari huanza. Ukizidi kushuka, springi zilizo ndani ya chemba za breki hujikamatia magurudumu zenyewe, dereva apende asipende, hata kama yuko kwenye kona na basi liko nyuma yake. Huyu alikuwa amesimama, ameshika fungu la nyanya. Nimetafuta sababu yoyote katika ufundi wangu iliyofanya elbo ile ing'okee Ilula na si Kitonga. Sijaiona. Naiita neema, na sina jina lingine la kuipa.

Mimi sikujua lolote mpaka dereva aliporudi akielekea Zambia. Aliingia gerejini ameshika kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka juu ya meza yangu ya kazi na kukifungua. Nikaona elbo na kipande cha nailoni. Tredi za elbo zilikuwa zimelika ncha za juu tu; chini zilikuwa mpya kabisa, ishara kwamba hazikuwahi kushikana na ukuta wa tundu. Tepu ilikuwa imekatika vinyuzi, vingine vimeungulia kwenye chuma, vingine vimeondoka na upepo kwenda kusikojulikana. Nailoni ilikuwa imebadilika rangi, imevimba upande mmoja, na mdomo wake umetanuka, umelegea.

Nilingoja matusi. Nilifikiri na polisi pia. Yule bwana akasema, "Fundi, sijaja kugombana. Nimekuletea uone. Kule Ilula walinifungia cha kunifikisha tu. Naomba ulifunge tena, safari hii sawasawa."

Angenitukana, ningejitetea. Ningesema haraka ilikuwa yao, mwenye lori ndiye aliyekuwa anapiga simu. Lakini alinirudishia lori lilelile, mikononi mwangu mwenyewe, wala hakudai hata shilingi. Maneno yalinikauka. Nilipopata sauti nilimwambia ukweli ambao nilikuwa sijawahi kumwambia mteja yeyote: "Kaka, sijui kulifunga sawasawa." Akajibu, "Basi tafuta anayejua. Nitasubiri."

Nilimjua anayejua. Karibu na stesheni kulikuwa na mzee mstaafu wa reli ya TAZARA, mwenye kibanda cha kuchonga vyuma. Vijana wa gereji tulikuwa tunamsema kwamba anachelewesha watu, kwa sababu alipima kila kitu mara mbili kabla ya kukigusa. Nilikwenda kwake nimeshika elbo yangu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Una nini?" Nikamweleza yote.

Hakunisuta. Alitoa venia akapima elbo, karibu milimita 21 kwa nje. Akaniambia M22 maana yake ni milimita 22 kwa nje, kwa hiyo nilikuwa nimeacha pengo la milimita moja na kuliziba kwa tepu. Kisha akatoa geji ya tredi, yale majani membamba ya chuma yenye meno, akalilaza jani la 1.5 juu ya tredi ya elbo na kunionyesha mwanga unavyopenya katikati. M22 ya kompresa ile inasogea milimita 1.5 kutoka jino hadi jino. Nusu inchi ya maji inasogea zaidi ya milimita 1.8. Akasema, "Hawa walisalimiana tu, mwanangu. Hawakuoana."

Kuanzia siku ile nikawa mwanafunzi wake jioni, baada ya kazi. Nitaeleza aliyonifundisha, kwa sababu nayaandika kwa ajili ya aliyeko pale nilipokuwa.

La kwanza lilikuwa kuitambua tredi kabla ya kuchagua fitingi. Kipenyo peke yake hakitoshi, wala kuingia kwake hakutoshi. Alinipa mfano ulionitisha: nusu inchi ya mabomba ya maji na nusu inchi ya Kimarekani iliyochongoka zote zina meno 14 kwa inchi. Ukizijaribu, zitaingiliana mizunguko kadhaa na mkono utakuambia umepata. Lakini jino la bomba la maji lina pembe ya nyuzi 55, na la Kimarekani lina pembe ya nyuzi 60. Kati yao inabaki njia nyembamba inayozunguka na tredi mpaka nje, na upepo unaijua njia hiyo.

La pili lilikuwa kujua fitingi inazibia wapi. Mimi nilidhani kila fitingi inaziba kwa tredi, ndiyo maana kila mahali niliweka tepu. Kumbe tredi iliyonyooka kazi yake ni kushika tu. Inayoziba ni washa ya shaba au oringi chini ya bega la fitingi, kwa hiyo uso wa tundu lazima uwe safi, bila mkwaruzo. Ile yenye ringi inayong'ata bomba huziba kwenye mdomo uliochongoka kwa ndani, na bomba lisipokatwa likanyooka na kusafishwa makapi, ringi haiwezi kulishika. Ile ya bolti yenye tundu katikati, ambayo ipo kwenye malori mengi ya Japani, inataka washa mbili za shaba, moja kila upande wa jicho. Mara ngapi niliweka moja! Na washa ya shaba ikishakandamizwa mara moja huwa ngumu, haifuati tena umbo la chuma. Mpya ni bei ndogo sana. Tredi iliyochongoka ndiyo inayoziba kwa meno yenyewe, na hiyo inataka dawa ya tredi, siyo tepu, maana vipande vya tepu hukatika vikaenda kunasa ndani ya valvu.

La tatu lilikuwa joto. Hili ndilo lililoua nailoni yangu. Kompresa inapokandamiza upepo, upepo wenyewe unachemka. Kwenye tundu la kutolea, kompresa inayofanya kazi nzito inaweza kutoa upepo wa nyuzi joto zaidi ya 200. Nailoni ya breki imetengenezwa kwa ajili ya joto lisilofika 100, yaani kwa sehemu zilizo mbele, baada ya upepo kupoa. Karibu na kompresa panatakiwa bomba la chuma au la shaba, au hozi maalumu yenye tabaka la ndani linalostahimili moto na msuko wa chuma cha pua kwa nje. Fitingi iwe ya chuma au brasi. Oringi ya mpira wa kawaida hukauka na kupasuka pale. Kama mtengenezaji ameweka washa ya shaba, weka washa ya shaba. Elbo za maji zilizopakwa zinki usizipeleke huko kabisa.

La nne lilikuwa uwazi wa ndani. Nilizoea kusema, maadamu upepo unapita, inatosha. Mzee akanikalisha na kunifuatisha safari nzima. Fitingi yenye tundu dogo inaurudisha upepo nyuma, kompresa inakandamiza kwa nguvu zaidi, joto linapanda. Mafuta kidogo yanayopita kwenye ringi za pistoni yanaungua, yanakuwa ukoko mweusi. Ukoko unapunguza uwazi, na joto linapanda tena. Kwa hiyo adapta ya kupunguza saizi, ambayo mimi niliiona msaada, ndiyo iliyokuwa inaua kompresa polepole, na mteja akarudi baada ya miezi akilalamika kwamba kompresa inatema mafuta. Nilimuuzia kompresa nyingine, nikaifunga kwenye bomba lilelile lenye ukoko. Naomba msamaha kwa hilo.

Akaongeza kwamba bomba la kwenda kwenye draya liwe na urefu wa kutosha kuupoza upepo, lielekee chini muda wote, lisiwe na bonde la kukusanya maji. Kona ziwe za mviringo. Injini imekaa juu ya mipira, inatikisika, fremu haitikisiki nayo. Basi pawe na sehemu ya hozi kati yao, na bomba lishikwe kwa klipu. Ukipanga adapta tatu kwenye tundu moja, unaongeza sehemu tatu za kuvuja, na uzito wake unaning'inia kwenye kichwa cha kompresa kila injini inapotetemeka. Hata matundu mengine yana heshima yake: njia ya kurudisha mafuta ikiwekewa fitingi nyembamba, mafuta yanajaa ndani ya kompresa na kupanda pamoja na upepo.

Nikamuuliza swali lililokuwa linanisumbua. Nilipomaliza kazi ile nilizima injini na geji haikushuka. Nilikosea wapi? Alinijibu kwa upole. Baada ya draya kuna valvu inayozuia upepo kurudi. Injini ikizimwa, geji inakuonyesha afya ya mitungi na mistari iliyo mbele ya valvu ile. Bomba la kompresa liko nyuma yake, na halimo kwenye kipimo hicho. Sehemu ile inajaribiwa injini ikiwa inawaka na kompresa inasukuma, kwa povu la sabuni kwenye kila muungano, ukiwa umeutunza mkono wako kwa sababu ya moto. Kile kipimo nilichojivunia kilikuwa hakijawahi kutazama kazi yangu.

Kipimo cha kuzima injini nacho ni cha lazima, na sikuwa nakifanya sawasawa. Marekani, mtu anayetahiniwa leseni ya lori lenye trela hutakiwa kuonyesha kwamba, injini ikiwa imezimwa na breki imekanyagwa, upepo haushuki zaidi ya psi 4 kwa dakika. Mimi nilikuwa natupia jicho tu na kugeuka. Siku hizi natazama saa.

Lori la yule dereva tulilifunga pamoja na mzee. Fitingi ya M22 iliagizwa Dar es Salaam ikaja na basi, na dereva akasubiri kama alivyoahidi. Nilitaka kumlipa gharama zake za Ilula, akakataa. Mzee naye hakunitoza ada ya kunifundisha. Watu wawili walionidai walinipa, na mimi ndiye niliyebaki na deni.

Nisikudanganye, ndugu yangu, kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Nilipoanza kumwambia mteja, "Fitingi hii sina, tuagize," wengine walikunja uso na kuhamia gereji ya jirani. Mapato yalipungua, na nyumbani ilibidi nieleze kwa nini. Vijana wangu walinung'unika nilipoimwaga ndoo na kuanza kupima fitingi moja moja, kuzifunga kwa waya kulingana na tredi zake na kuzitupa zilizolika. Vishawishi havikuisha pia. Usiku mmoja wa mvua, mwenye lori akinisihi na fedha ziko mkononi, nilikwisha kukaza adapta isiyo yake. Nikanawa mikono. Nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi, nikaifungua. Nilimwambia yule bwana, "Nisamehe, alale hapa dereva wako." Alikasirika sana. Nguvu ya kurudi pale mlangoni najua haikuwa yangu.

Kilichobadilika ndani yangu ni hiki. Zamani nilimwona mteja aliyesimama mbele yangu na fedha yake. Sasa ninapoishika fitingi nawaona wale nisiowajua: abiria wa basi linaloshuka Kitonga nyuma ya lori, kijana wa bodaboda, mama anayepanga nyanya kando ya lami. Hao hawanilipi, wala hawatajua jina langu. Lakini upepo unaosimamisha lori karibu nao unaanzia kwenye muungano niliokaza mimi. Kupima kumekuwa njia yangu ya kumpenda jirani, na ninaposema hivyo simaanishi mfano; ndivyo amri ile inavyonifikia mimi mwenye spana mkononi.

Kama uko pale nilipokuwa, sitakusuta, maana mimi sikusutwa. Anza na venia na geji ya tredi. Uliza lori limetoka wapi, soma alama kwenye kompresa, pima tundu, pima tredi, jua inazibia wapi, fikiria joto, tazama uwazi. Toa upepo wote mfumoni kabla ya kufungua chochote. Na ukifika usipopajua, sema hujui. Niliogopa neno hilo miaka yangu yote, nikidhani litaniondolea wateja, kumbe ndilo lililonipatia mwalimu.

Mzee amekwisha kupumzika kazi, venia yake ameniachia mimi. Yule dereva bado anapita, na hunitumia madereva wenzake. Namshukuru Mungu kwa ajili yao wote wawili. Alinihurumia siku ambayo sikustahili, na lori likasimama Ilula. Huruma hiyo siwezi kuiagiza kama spea kila ninapoona uvivu. Kwangu mimi kilichobaki ni kupima, na kumfundisha kijana aliye karibu nami apime.